Kitambaa Yenye Nilifunikaka Ordinateur Yako

Riziki mutoto yangu, wewe mwenye kubeba jina ya mama yangu. Usishangae kuona mwandiko ya Feza. Mimi njo nasema, ye njo anaandika, sawa vile anaandikiaka batu yote hapa secrétariat, hii nyumba yetu ya kuandikia batu barua, tangu papa yako alikuwa angali muzima. Wewe uko Lubunga, ulivuka muto na pirogue asubuhi kuaga mama yako mudogo, na ule mwanamuke namujua, hatakuachilia mbele hajakuonyesha kuku yake moja moja na ugonjwa ya kila moja. Donc tuko na wakati. Kesho asubuhi camion ya Papa Kasereka inakubeba Butembo kwa duka yake. Hii barua utaikuta mu sac yako, chini ya bilamba ya kuvaa. Usiifungue mbele ya chauffeur. Bachauffeur banasomaka barua ya batu na shingo, sawa bata.

Sitakuambia namna ya kukula, ao ya kulala, ao ya kujichunga na banaume. Uko na miaka makumi mbili na ine. Kama haujui sasa, bic ya Feza haitakufundisha. Niko na neno moja tu. Lakini uniache nizunguke kidogo, unanijua. Ile neno iko nzito, nikiikamata mara moja itaniangukia kwa miguu.

Nianze na Citoyen Conseiller, ule mukubwa wa chama. Jina yake sitaji, Feza anaogopa. Anasema, mama, usiandikishe jina ya mukubwa kwa karatasi, chama iko na masikio. Bon. Kama iko na masikio, isikie basi: ule mutu ni bure. Abacost, ile koti ya bakubwa, yenye inamukaza tumbo, kapini ka chama kwa kifua, na kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, anakuja kusimama tu, anatazama sisi bamama tunakata majani, anasema "courage, citoyennes", kisha anarudi mu kivuli. Mukono yake iko laini sawa ndizi ya kuiva sana. Nilimusalimiaka mara moja, nikajipangusa.

Mu bureau yake kulikuwa ordinateur. Nzima, mupya, yenye ilitoka Poto, kule kwa bazungu, na ndege, nyeupe sawa meno ya mutoto. Niliiona na macho yangu siku nilipeleka barua yake yenye Feza alikuwa ameandika. Ilikuwa ingali na plastiki yake. Juu ya plastiki, kitambaa ya kudarizi, maua mekundu. Juu ya kitambaa, kofia yake. Nikamuuliza planton, ule muzee wa kuchunga mulango:

"Papa, hii kitu inafanyaka nini?"

"Inakaaka, mama."

"Inakaa tu?"

"Mukubwa anaiogopa. Kuko mundele, muzungu moja, alikuja siku moja akaiwasha, ikalia tii. Mukubwa akashika kofia, akasema iko na mukutano. Hakurudi mupaka kesho."

Na barua yake yote, nani alikuwa anaandika? Feza, hapa kwetu, na mashini ya kuandika ya zamani ya papa yako yenye inakulaka utepe. Lakini mu mukini yote banasema Citoyen Conseiller anaandika na ordinateur.

Nilimuzarau siku ile, na leo ningali namuzarau. Lakini tazama mimi sasa. Nilitoka pale, nikashika njia ya soko, na kitu yenye ilikuwa inatembea mu kichwa yangu haikukuwa ile mashini. Ilikuwa ile kitambaa. Unajua kwetu vile inakuwaka: radio iko na kitambaa yake, frigo hata kama imekufa iko na kitambaa yake, kiti ya mugeni iko na yake. Kitu yenye haina kitambaa, batu banasema mwenyewe hajui bei yake. Nami nilikuwa nadarizi bitambaa tangu niko kasichana, nilidarizi ya arusi ya dada ya papa yako, na hata haikunishukuru, ile familia. Nikasema mu roho: siku moja nami nitakuwa na kitu ya kuvalisha.

Bon. Njo wewe ukamaliza masomo ya courant, ya umeme, kule kwa baseur, bale bamasista, ukaniambia, "Mama, hatuwezi kununua ordinateur. Lakini naweza kuiunga."

Nilisikia sawa vile umesema utaunga ngombe.

Batonton yako, ndugu ya papa yako, walicheka mupaka mate ikatoka. Ile batu njo walikuja kwa kilio ya papa yako kupima meza na macho, nani atabeba hii, nani atabeba ile. Tonton Selemani akaonyesha tournevis yako, ile bisibisi, akasema, "Mwanamuke na tournevis? Kisha atazaa nini, radio?" Na ye mwenyewe taa ya nyumba yake ikifa, anaita muvulana wa jirani, anamushikia ngazi. Sikujibu. Nilipaswa kujibu. Ile nayo iandike, Feza.

Miezi tano ulizunguka hii mukini. Écran, ile kioo yake, ulitoa kwa ile compagnie ya kahawa yenye ilifunga, ilikuwa na alama ya kuungua kwa kona, lakini ikaonyesha. Boîte, ile mwili ya chuma, ulikuta inje nyuma ya depot, panya ilikuwa imezaa ndani, nikaimwangia maji ya moto mbele haujaniruhusu, ukanikaripia juu maji na chuma haipatanaka. Upande moja haikukuwa. Ukakata bati ya nyumba, ukaipinda, ukaifunga na vis. Clavier, ile ya kupiga herufi na bidole, kuko kidude kimoja kilikuwa hakirudi juu, ukatia chini kipande cha sandale yangu. Nilikuwa naona kila siku kitu ya watu kufa inaingia mu nyumba, nikasema, hii mutoto iko naunga maiti.

Kisha ikabaki kale kasanduku ka chuma kenye kuko na feni ndani, kenye kanapokea courant. Kale ukakataa ya zamani. Kuko moja mu ile ya compagnie, ukainusa, ukaitupa.

"Hii hapana, mama. Tungoje camion ya Papa Kasereka, banitolee moja muzuri."

"Juu ya nini? Nani ataiona mu tumbo ya boîte? Afazali tununue rangi, tupake hii bati."

"Courant njo itaiona."

"Courant haikukuja kwangu kuandikisha barua."

Ukanitazama. Ulikuwa na jicho ya papa yako siku ile, ya kuvumilia mujinga. Ukasema, "Mama, kwa mashini ya bei kidogo, unaficha zarau fasi moja, haufichi fasi yote. Écran ikuwe ya zamani. Boîte ikuwe ya aibu. Lakini kenye kanalisha bingine yote, kakuwe kazima, na kapate upepo. Kakikosa upepo, kanakufa, na kanakufa na bingine yote."

Ulisema, kapate upepo. Masikio yangu ilisikia. Nataka ujue kama ilisikia.

Siku iliwaka, unakumbuka, Feza alikimbia inje. Leo anakataa. Feza, ulikimbia, na kiatu moja. Ile feni ikalia vuuu sawa mashini ya kusaga muhogo, écran ikakuwa na maandiko ya rangi ya majani, na imprimante yake, ile ya kuchapa, ikaanza kudonoa karatasi sawa kuku juu ya bati. Ile mujane wa Bengamisa, mwenye alitaka barua moja kwa batu kumi na moja juu ya shamba ya bwana yake, ulibadilisha jina tu, jina tu, barua kumi na moja ikatoka mbele ya chai kupoa. Aligusa ile karatasi ya mwisho, akasema, "Haikuchoka?" Siku ile nililala vizuri.

Lakini batu, Riziki. Batu ya hii mukini. Benye habana hata kiti ya kukalia walikuja kusimama kwa mulango yangu na kucheka. "Mama Mwajuma, hii ni ordinateur ao ni jiko ya kuchoma mukate?" "Mama Mwajuma, ordinateur yako inavaa bati sawa nyumba." Ule mwalimu mwenye suruali yake inashikwa na kamba, ye njo alicheka sana, na bado alikuja kila juma kuandikisha maombi yake ya kazi na bei ya chini. Ilikuwa ni batu ya bure. Nilijua ni ya bure. Na kila moja akicheka, nilikuwa nasikia moto mu shingo.

Mutu anaweza kuzarau batu na bado kutetemeka mbele yabo. Ile sikuijua mbele. Nilifikiri zarau ni nguvu.

Njo nikaanza kudarizi. Kila saa ya jua kali, wewe uko kwa mashini, mimi niko inje na sindano. Ulifikiri ni ya arusi yako. Kumbe ilikuwa ya ordinateur. Kasuku mbili, ya rangi ya majivu na mukia mwekundu, na maua pembeni, kitambaa nzito, ya kukunja mara mbili ili ianguke vizuri ifunike bati yote mupaka chini.

Sasa nafika. Feza amesimamisha bic. Andika.

Siku ile Citoyen Conseiller alituma planton kusema atapita ye mwenyewe, anataka kuona kama tunaweza kuandika karatasi ya mwaliko ya sikukuu ya chama, mingi, mingi sana. Wewe ulikuwa umewasha mashini tangu asubuhi, ikuwe tayari. Ukaenda kutafuta karatasi kwa depot. Ukaniambia, "Mama, usiiguse. Nakuja." Mvua ikaanza, ile bati ya juu yetu ikatona maji fasi yake ya kila siku, karibu na mashini. Nikaona abacost inavuka barabara na mwavuli. Nikaona ile boîte, na ile upande ya bati, na ile feni inalia sawa mugonjwa.

Nikachukua plastiki ya meza, nikafunika mashini sababu ya mvua. Nikachukua kitambaa yangu, nikaifunika sababu ya haya yangu. Nikaiingiza vizuri kwa nyuma, fasi kelele ilikuwa inatoka, nikaikaza na tofali mbili. Kelele ikapungua. Nilifurahi kelele ilipungua.

Aliingia, akakaa. Akatazama bakasuku. Akasema, "Ah, citoyenne, sasa hii ni bureau." Na mimi, mimi Mwajuma, mwenye nilimuona akikimbia mashini yake, nikamupigia magoti kidogo. Nikamupa kahawa. Tukaongea sawa saa nzima na zaidi, juu hana kazi, batu ya vile habanaka kazi. Akasema maneno ya sikukuu, na ya mugongo yake. Feza alinusa mbele yangu. Akasema, "Mama, kitu inaungua." Nikasema, "Ni jirani, anapika."

Kisha moshi ikatoka mu mukia ya kasuku.

Nilivuta kitambaa, nikavuta plastiki, ilikuwa imeshikana, nikaibeba yote nyuma nikaitupa chini ya kitanda. Niliporudi ile mashini ilipiga paa moja, ndogo, écran ikafunga jicho. Njo wewe ukaingia na karatasi yako kichwani, unalowa. Mwalimu alikuwa kwa mulango, na batu bengine. Citoyen Conseiller alikuwa ameishasimama, kofia mu mukono. Akauliza, "Nani aliunga hii?"

Hukuwa umetia hata karatasi chini. Mimi njo nilijibu. Nilisema, "Ni huyu mutoto. Nilimukataza kuunga na bitu ya zamani. Haelewi."

Ile njo neno, Riziki. Ile njo neno yenye nilikuwa nazunguka.

Ulienda kwa mashini, ukaifungua, ukaona kale kasanduku kameungua, kale kazima, kenye ulingojea camion. Ukasema pole pole, "Basi nilikosa mimi." Na nikakuacha useme. Jioni Tonton Selemani akaja mbio kusema ye alisemaka tangu mwanzo. Nikamupa chakula. Nilimupa nyama.

Feza aliona yote. Nimemuambia aandike ya kwake na mukono yake, asijifiche nyuma yangu. Haya.

*Mimi Feza niliona Mama anafunika. Niliona tofali. Nilinyamaza juu nakula hapa na watoto yangu wanakula hapa. Riziki, ulinifundisha ile clavier, na nilinyamaza.*

Bon. Amelia kidogo, karatasi imelowa, utaona alama.

Miaka mbili haukugusa mashini. Ulichukua tournevis yako, ukamupa Papa Saidi mwenye kutengeneza bavelo, baiskeli ya batu, kwa kona. Papa Kasereka alikuja mara tatu hapa kwa hii meza. Unakumbuka vile anaongeaka, sawa mutu anapima maharagi. "Mama Riziki, niko na bitu yote mu makartoni kule Butembo. Écran, boîte, yote. Nakosa mutu wa kuunga." Na mara tatu ulimujibu, "Papa, mikono yangu inaunguzaka bitu ya batu. Nipe kazi ya kuuzisha." Sasa unaenda kuuzisha sabuni yake. Utasimama nyuma ya comptoir, ile meza ya kuuzishia, na makartoni iko mu chumba ya nyuma, utaipita kila siku kwenda kuchukua sabuni. Nilikuwa tayari kukuacha uende vile. Mupaka jana nilikuwa tayari. Nilikuwa najiambia, sabuni ni kazi ya heshima, mutoto atasahau. Ni mimi njo nilitaka usahau.

Kisha jana ulinikumbatia mu cuisine, karibu na jiko, ukasema, "Mama, unisamehe juu ya ile mashini." Wewe. Uliniomba mimi.

Ninazarau Citoyen Conseiller, na batonton yako, na ule mwalimu wa kamba. Siwezi kuacha, niko muzee, sitabadilika. Lakini hakuna hata moja yabo mwenye alikaza zile tofali.

Leo ulipovuka, nilienda kwa Papa Saidi. Nikamuambia, nipe tournevis ya mutoto. Akasema, "Mama, iko ndogo kwa velo. Nilikuwa naichokolea sikio." Nikasema, ile sikio yako haikusikiaka kitu hata ikichokolewa, lete. Akataka matabishi, kitu kidogo ya mukono. Nikamupa macho. Nimeiosha na maji ya moto, mara hii haina courant, usinikaripie. Iko mu sac, imefungwa mu kitambaa.

Ile kitambaa, ndiyo. Nilikuwa naificha chini ya matela miaka mbili, nilikuwa nalala juu yake. Fungua polepole, juu plastiki imeshikana na uzi. Usitazame bakasuku, iko muzuri, lakini haina maana. Geuza nyuma. Utaona fasi plastiki iliyeyuka, imechukua sura ya ile tundu ya feni: duara, na bichuma yake inapita kati, moja, mbili, tatu, sawa mutu aliichapa na muhuri. Wewe unajua ile tundu, njo wewe uliitobolea ile boîte na mukono yako ili kale kasanduku kapumue.

Papa Kasereka akikuambia mashini yake iko na sura mubaya, ao bibi yake akileta kitambaa, mupe hii ashike.

Kama utanichukia, nichukie. Lakini kwanza fungua kartoni moja.

Feza anasema karatasi imeisha. Natia kidole yangu hapa chini, nimeipaka wino ya utepe ya papa yako. Ukifika, tandika kitambaa kwa magoti, utie kidole yako mu ile duara, pale kati. Pale njo upepo ilikuwa inatafuta kutokea. Mimi mama yako niliifunga.